Pikapu Imeanza Kutetemeka, Kuvuta au Kuvuma Baada ya Kuhamisha Matairi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Matairi ya pikapu hayaishi sawasawa. Ya mbele yanabeba injini na ndiyo yanayokata kona, kwa hiyo mabega yake huliwa mapema. Ya nyuma yanasukuma gari, na pikapu ikitembea tupu huku ikiwa na upepo wa mzigo, yanaisha katikati. Ndiyo maana matairi huhamishwa nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, na yale ya kashata (vipande vya mpira vya uso wa tairi) kubwa za matope kila kilomita 5,000 hivi, ili yote yafike mwisho wake pamoja.

Kazi yenyewe ni ya saa moja. Maswali huja baadaye: gari lililokuwa limetulia sasa linatikisa usukani, linavuta upande, linavuma, au limewasha taa kwenye dashibodi. Wengi huilaumu kazi ya kuhamisha. Lakini mara nyingi tairi lilikuwa bovu siku zote, limekaa nyuma ambako mtetemo wake haufiki mikononi mwa dereva. Limeletwa mbele, ndipo likasikika.

Kanuni inayoongoza utafutaji wote ni moja. Dalili ikihama pamoja na tairi, kosa ni la tairi au la rimu yake. Dalili ikibaki palepale ilipokuwa kabla ya kuhamisha, kosa ni la gari: alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu), shokapu, beringi, bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) au breki. Kwa hiyo kabla hujafungua nati hata moja, chukua chaki uandike ubavuni mwa kila tairi lilikotoka: MK kwa mbele kulia, MS kwa mbele kushoto, NK na NS kwa yale ya nyuma. Andika mahali pia upepo uliokuta na kina cha mifereji katika sehemu tatu za kila tairi: bega la ndani, katikati na bega la nje. Bila kumbukumbu hiyo, kila utakachofanya baadaye ni kubahatisha.

Hakikisha kwanza matairi yamekwenda panapotakiwa

Kwa pikapu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwa 4x4, ya nyuma yanakuja mbele moja kwa moja, kila moja upande wake. Ya mbele yanakwenda nyuma kwa kupishana: la kulia linakwenda kushoto, la kushoto linakwenda kulia. Kama spea ni ya saizi na aina ileile, iingize kwenye mzunguko. Spea inakwenda nyuma kulia, la nyuma kulia linakuja mbele kulia, la mbele kulia linavuka kwenda nyuma kushoto, la nyuma kushoto linakuja mbele kushoto, na la mbele kushoto linakuwa spea.

Matairi yenye mshale ubavuni hayavuki upande. Yanabadilishana mbele na nyuma tu. Simama kando ya gari utazame sehemu ya juu ya tairi: mshale unatakiwa uelekee mbele ya gari. Ukielekea nyuma, tairi limefungwa upande usio wake na mifereji yake haitoi maji inavyopaswa, jambo utakaloligundua siku ya mvua ukiwa kwenye mwendo. Yale yaliyoandikwa OUTSIDE yanaruhusiwa kuvuka, mradi maandishi hayo yabaki yanaonekana kwa nje. Kama saizi za mbele na nyuma ni tofauti, kinachowezekana ni kubadilishana kulia na kushoto kwenye ekseli moja, na hata hilo ni kama hayana mshale. Pikapu zenye magurudumu pacha nyuma zina mpangilio wake kwenye kitabu cha gari. Usizilazimishe kwenye huu.

Gari linasogea likiwa juu ya jeki

Hili halivumiliki hata mara moja. Kwenye pikapu nyingi handibreki inashika magurudumu ya nyuma peke yake. Ukiyanyanyua yote mawili ya nyuma, hakuna breki inayolishika gari chini. Gia ya P (ya kuegesha) nayo ina udanganyifu wake: inafunga shafti inayokwenda kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya ekseli), na difu ya kawaida ikiwa na gurudumu moja hewani inaliruhusu hilo lizunguke huku lililo chini likisogea. Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, upande ulio mkabala na jeki. Kwenye 4x4 unaweza kuingiza 4H (gia ya magurudumu manne) ili ekseli za mbele na nyuma zifungane, lakini hiyo ni nyongeza, haichukui nafasi ya kabari. Gari likishapanda, liweke juu ya stendi chini ya chesisi au bomba la ekseli ya nyuma. Jeki pekee ni ya kunyanyulia, si ya kushikilia. Ardhi ikiwa laini, tanguliza ubao mpana na mnene.

Nati haifunguki, au inazunguka pamoja na stadi (boliti ya gurudumu)

Legeza nati robo mzunguko magurudumu yakiwa bado chini. Nati iliyoshikwa na kutu ipake mafuta ya kulegeza kutu, iache dakika 15, kisha irudishe kwanza kidogo upande wa kukaza kabla ya kuifungua. Mara nyingi kutu hukatika hapo. Kama soketi haiingii ingawa namba ni sahihi, angalia kama nati ina kofia ya bati linalong'aa. Maji hupenya chini ya kofia hiyo, chuma cha ndani kinashika kutu na kofia inavimba, basi soketi ya 21 haitoshi tena na ya 22 inateleza. Dawa ni kubadilisha nati zote kwa nati za chuma kimoja, si kuendelea kugonga soketi kwa nyundo.

Nati ikizunguka bila kutoka, meno yanayoishika stadi ndani ya habu (kitovu kinachobeba gurudumu) yameisha. Hapo nati hukatwa na stadi hubadilishwa. Usirudishe gurudumu barabarani likiwa na pengo la stadi moja kwa kuamini tano zilizobaki zinatosha, kwa sababu zilizo jirani na pengo ndizo zinazobeba mzigo wa iliyokosekana.

Nati zimetoka lakini gurudumu limeganda

Rimu ya alumini ikikaa juu ya habu ya chuma kwa muda mrefu, kutu huziunganisha pale katikati. Usipige rimu kwa nyundo, inapasuka. Usilale chini ya gari ukivuta. Rudisha nati zote kwa mkono ziache zimelegea mizunguko miwili, shusha gari, kisha lisogeze mbele na nyuma mita moja taratibu na kukanyaga breki kwa ghafla. Uzito wa gari lenyewe utaliachia gurudumu, na nati zitalizuia lisidondoke. Njia nyingine, gari likiwa juu ya stendi, ni kupiga mpira wa tairi kwa soli ya kiatu upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa zamu.

Gurudumu likitoka, safisha uso wa habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Paka grisi nyembamba sana kwenye duara la katikati tu, pale rimu inapoingia. Stadi zibaki kavu, na diski isiguswe na grisi hata tone.

Usukani unatetemeka

Mtetemo unaoanza kwenye kilomita 80 hadi 110 kwa saa, kisha kupungua ukiongeza mwendo, karibu kila mara unahusu balansi (usawa wa uzito wa gurudumu) au namna gurudumu lilivyokaa. Ukiusikia mikononi, unatoka mbele. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu, unatoka nyuma. Fuata mpangilio huu, maana unaanza na visivyo na gharama.

Chungulia ndani ya rimu. Pikapu inayopita kwenye matope hubeba udongo uliokauka mgongoni mwa rimu, na donge moja linatosha kuvuruga balansi yote. Wakati wa kuhamisha, magurudumu hulazwa na kuviringishwa, donge moja linabanduka na lililokuwa mkabala linabaki. Osha pande zote mbili kabla ya kumlipa mtu wa balansi.

Tafuta risasi (kipande cha uzito wa balansi) iliyodondoka. Mahali ilipokuwa panaonekana: mstatili safi au alama ya gundi kwenye rimu iliyochakaa.

Kisha fungua tena gurudumu unalolishuku na utazame uso wa habu. Hapa ndipo kazi ya kuhamisha yenyewe huzaa kosa. Ganda la kutu la nusu milimita likibanwa kwenye ukingo wa habu yenye kipenyo cha sm 15, tairi la kipenyo cha sm 77 litayumba zaidi ya milimita 2 kwenye uso wake. Nati zitakuwa zimekazwa vizuri kabisa, na bado gurudumu limekaa kishingo upande. Jiwe dogo lililonasa kwenye rimu wakati imelazwa chini hufanya vilevile.

Rimu zisizo za kiwandani mara nyingi zina tundu la katikati kubwa kuliko habu, na hutumia pete ya plastiki au alumini kujaza pengo. Hesabu pete hizo. Moja ikibaki imenata kwenye habu ya nyuma wakati rimu yake imekuja mbele, gurudumu la mbele linakaa kwa kutegemea nati tu, na likikazwa likiwa linaning'inia linafungwa nje ya kitovu.

Yote hayo yakiwa sawa, peleka matairi mawili ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kila moja upande wake. Mtetemo ukiondoka mikononi na kuhamia kwenye kiti, chanzo ni moja ya yale mawili. Yapeleke kwenye mashine ya balansi na mwambie fundi aangalie pia kama rimu imepinda. Usukani ukiendelea kutetemeka vilevile, kagua tairodi endi (viungo vya usukani), boljointi (viungo vya mikono ya mbele) na beringi za mbele.

Kuna mtetemo mwingine wa kuogopa. Gari linatembea kilomita 15 hadi 40 kwa saa, na usukani unakwenda kushoto na kulia taratibu, kwa mdundo unaofuata mzunguko wa gurudumu. Nyanyua gurudumu hilo, weka kitu kisichosogea karibu na uso wa tairi, kisha lizungushe polepole kwa mkono. Ukiona uso unapanda mahali pamoja, au mifereji inapinda kama njia ya nyoka, mikanda ya waya iliyo ndani imeachana. Tairi la namna hiyo halifanyiwi balansi wala halirudishwi nyuma. Linatolewa, hata kama kashata zake ni nzuri kabisa.

Inatetemeka ukikanyaga breki tu

Hapo tairi si mshukiwa. Nati zilizokazwa bila mpangilio, au zilizopigwa na bunduki ya upepo mpaka mwisho, hupindisha kidogo diski iliyobanwa kati ya rimu na habu. Legeza zote na uzikaze upya kwa hatua. Ikiwa umeshatembea kilomita elfu kadhaa hivyo, diski inaweza kuwa imeliwa bila usawa, na kukaza upya hakutasaidia. Itabidi ichongwe au ibadilishwe.

Gari linavuta upande mmoja

Pima upepo kabla ya yote. Upepo hufuata tairi, haufuati nafasi. Kama ya nyuma yalikuwa na psi 44 kwa ajili ya mzigo na ya mbele psi 32, umeleta mbele matairi magumu, na umepeleka nyuma malaini. Fundi akirekebisha moja na kusahau jingine, gari litavuta kuelekea lenye upepo mdogo. Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limekaa saa 3 au zaidi, na ufuate kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, siyo kipimo cha gari lako.

Upepo ukiwa sawa, jaribu gari kwenye barabara bapa. Barabara nyingi huinama kuelekea pembeni ili maji yatoke, na gari lolote litafuata mwinamo huo kidogo.

Likiendelea kuvuta, badilishana matairi mawili ya mbele, kulia na kushoto, kisha ujaribu tena barabara ileile:

- Likianza kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Kuna tairi ambalo tangu kuundwa kwake lina umbo la koni kidogo, na likikaa mbele linaviringika kuelekea upande mmoja. Lirudishe nyuma, ambako halisumbui.
- Likiendelea kuvuta upande uleule, matairi hayana hatia. Endesha kilomita chache bila kukanyaga breki sana, simama, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu ya mbele bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki yake inang'ang'ania. Zikiwa sawa, peleka gari kwenye alaimenti.
- Likiacha kuvuta kabisa, liache hivyo.

Matairi yenye mshale hayafanyiwi jaribio hili. Badala yake hamisha la mbele na la nyuma upande mmoja tu, uone kama dalili inabadilika.

Jambo moja linaokoa pesa nyingi: gari lililokuwa linavuta kabla, likaacha baada ya kuhamisha matairi, halikuwa na tatizo la alaimenti. Usiipime kwa sababu hiyo peke yake.

Linavuma kama beringi imekufa

Mvumo unaoanza siku ileile matairi yalipohamishwa kwa kawaida ni wa matairi. Kashata za matairi ya nyuma ya pikapu huliwa kwa mshazari, ukingo mmoja wa kashata ukiwa juu na wa pili chini, mfano wa meno ya msumeno. Ukitelezesha kiganja juu ya uso wa tairi kwa kufuata mzunguko, upande mmoja unapita laini na ukirudi unakwaruza. Yakiwa nyuma, chini ya bodi la mizigo, sauti hiyo inabaki nyuma. Yakija mbele, iko chini ya miguu ya dereva. Na yale ya mbele yaliyovuka upande sasa yanazunguka kinyume na zamani, kwa hiyo kingo zilizo juu ndizo zinazogonga lami kwanza, na yanapiga kelele kuliko kawaida kwa muda. Huo ni mchakato wa kujisawazisha. Baada ya kilomita elfu moja hadi elfu mbili sauti inapaswa kuwa imepungua kwa kiasi cha kusikika.

Kutenganisha tairi na beringi, badilisha sehemu unayopita. Sauti ya tairi inabadilika ukitoka kwenye lami chakavu kuingia kwenye lami laini. Ya beringi inabaki ileile. Kisha, kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa mahali pa wazi na salama, yumbisha usukani kidogo kushoto na kulia. Ukielekea kushoto, uzito unalalia magurudumu ya kulia, na beringi mbovu ya kulia itaongeza sauti. Ukielekea kulia, ya kushoto. Thibitisha kwa kunyanyua gurudumu, kuliweka mkono mmoja juu na mwingine chini, na kulitikisa: beringi iliyochoka inacheza, au ukilizungusha huku umeshika springi ya shokapu unahisi ukwaruzaji.

Kuusoma uso wa tairi kabla ya kulihamisha

Hapa ndipo penye majibu mengi, na ndipo wengi hupita haraka. Ukihamisha tairi lililoliwa vibaya bila kurekebisha kilicholila, nafasi ileile itakula na tairi zuri ulilolileta.

Mabega yote mawili yameisha, katikati pazuri: upepo mdogo kwa muda mrefu, au mzigo mkubwa kuliko upepo. Katikati pameisha, mabega mazuri: upepo umezidi. Kwenye pikapu hii ya pili huonekana nyuma, na sababu yake ni dereva kujaza upepo wa mzigo kisha kutembea tupu wiki nzima. Rudisha upepo kwenye kiwango cha gari tupu kila mzigo unaposhuka; hakuna kifaa cha kununua hapo.

Bega moja tu limeliwa, la ndani au la nje: gurudumu limeinama. Pikapu zilizonyanyuliwa kwa springi ndefu zaidi, au zilizochoka bushi za mikono ya mbele, huishia hapo. Alaimenti bila kubadilisha bushi zilizokufa hukaa siku chache tu.

Kingo za kashata zimechongoka kwa upande: pitisha kiganja kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Ukipita laini kuelekea ndani na kukwaruzwa ukirudi nje, magurudumu ya mbele yanatazamana kupita kiasi. Ikiwa ni kinyume, yanaachana kupita kiasi. Yote mawili ni kazi ya alaimenti, lakini tairodi endi zikaguliwe kwanza.

Mashimo mashimo yanayojirudia kuzunguka tairi: gurudumu limekuwa likidunda barabarani. Shokapu iliyovuja mafuta ndiyo mshukiwa wa kwanza, kisha balansi, kisha boljointi iliyolegea. Tofauti kati ya shimo na mwinuko ikiwa chini ya milimita 2, kuhamisha bado kunaweza kulisawazisha. Ikizidi hapo, tairi litavuma popote utakapoliweka.

Doa moja bapa: breki iliganda au gurudumu liliburuzwa. Hilo halisawazishiki.

Na mifereji ikifika milimita 1.6, usawa wa vile vinundu vya mpira vilivyo ndani yake, tairi halihamishwi tena, linabadilishwa. Jozi yenye kina kikubwa zaidi ni bora ikae nyuma, kwa kuwa nyuma ikiteleza kwenye maji dereva hana usukani wa kuizuia.

4x4 inabana kwenye kona au haitoki kwenye 4H

Kwenye lami kavu 4H ya kawaida hubana hata matairi yakiwa mapya yote, kwa hiyo jaribio hili lifanyike kwenye udongo au changarawe. Ikibana hapo pia baada ya kuhamisha, pima kina cha matairi yote manne. Hesabu yake ni rahisi. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha karibu mm 776 na huzunguka mara 410 hivi kwa kilomita. Lingine la saizi hiyohiyo lililoliwa milimita 3 zaidi huzunguka mara 413. Mizunguko hiyo mitatu ya ziada katika kila kilomita haina pa kwenda ekseli za mbele na nyuma zikiwa zimefungwa pamoja; inakwenda kwenye minyororo na gia za transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) kama joto na mkazo. Weka tofauti isizidi milimita 2 au 3 kati ya matairi yote, na usichanganye spea mpya kabisa na matatu yaliyofika nusu. Ukilazimika, litumie nyuma au mbele ukiwa kwenye 2H (gia ya magurudumu mawili) tu.

Taa ya upepo au ya ABS imewaka

Taa ya upepo: kwanza jaza upepo kwa nafasi mpya. Magari yanayoonyesha upepo wa kila gurudumu yanaweza kuendelea kuonyesha namba za nafasi ya zamani mpaka sensa zifundishwe upya. Mengine hujifunza yenyewe baada ya kutembea, mengine yanahitaji hatua zilizo kwenye kitabu. Taa ikipepesa kwa dakika moja hivi kisha ikabaki imewaka, kuna sensa isiyosikika, mara nyingi kwa sababu betri yake ndogo imekwisha.

Taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki): fuata waya wa sensa nyuma ya gurudumu. Huenda umevutwa, au umebanwa na stendi.

Nati zinalegea baada ya siku chache

Sababu ni nne: rangi au kutu kati ya rimu na habu iliyobondeka baada ya kukazwa, nati zisizo za rimu hiyo, nati zilizoanza kuingia kishingo upande, au hazikukazwa vya kutosha. Angalia kikalio, yaani pale nati inapokaa kwenye rimu. Rimu yenye matundu ya koni inataka nati ya koni, na inayotaka nati ya washa bapa haikubali ya koni. Kosa hili huja hasa spea ya chuma inapoingia kwenye mzunguko wa rimu za alumini.

Anza kila nati kwa vidole mizunguko 3 au 4. Kaza kwa kuvuka, nati moja kisha inayotazamana nayo, kwanza nusu ya nguvu gurudumu likiwa hewani, kisha kamili likiwa limegusa chini. Kiwango kiko kwenye kitabu cha gari na hutofautiana sana: Ford Ranger ni Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 135, wakati Ford F-150 ya 2015 na kuendelea ni Nm 204. Ukiwa huna spana ya kupima, kumbuka kwamba spana ya sm 50 ikisukumwa kwa uzito wa kilo 27 hivi hutoa Nm 135. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya spana hiyo anatoa zaidi ya Nm 360, na stadi inaanza kuvutika. Stadi iliyopakwa mafuta huvutika hata kwa kiwango sahihi, ndiyo maana zinakaa kavu. Rudia kukaza baada ya kilomita 80 hadi 160.

Tairi linagusa ukikata usukani hadi mwisho

Matairi ya nyuma yalikuwa mapana zaidi, au rimu zake zimechomoza tofauti. Soma saizi ubavuni, kisha tazama mahali palipong'aa kwenye bitana la plastiki la matairi au kwenye mkono wa chini. Yarudishe nyuma. Kukata plastiki hakusaidii kama kinachoguswa ni paipu ya breki.

Spea haishuki

Spea iliyo chini ya bodi huning'inia kwa kebo au mnyororo unaokula maji na vumbi miaka yote. Ukisikia kifaa kinazunguka bila kushuka, usiingie chini yake. Weka jeki chini ya spea kwanza, ndipo ulegeze. Paka kebo grisi na uishushe kila unapohamisha matairi. Kabla ya kuiingiza kwenye mzunguko, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata bila kutembea, kwa hiyo spea iliyopita miaka 6 ikaguliwe nyufa kila mwaka, na iliyofika miaka 10 isirudi barabarani hata kama vinywele vyake vya kiwandani bado vimesimama.